Ngoma Iliyozima Televisheni ya Mama Zuhura

Vijana wa karakana, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazini kabla sijaanza kusahau majina ya vifaa na ya watu. Najua mnachokitaka hasa. Mnataka kujua ile ngoma ndogo iliyoning'inia ukutani, juu ya benchi langu, ina kazi gani. Nimewasikia mkinong'onezana kwamba ni dawa ya biashara, na kwamba ndiyo iliyowafanya wateja wanijie mimi na kuwapita mafundi wenye maduka ya vioo. Mmoja wenu, simtaji, aliwahi kuinusa nilipokwenda kunywa chai. Nitawaeleza, ila mtangoja kidogo, kwa sababu habari ya ngoma haieleweki bila habari ya televisheni, na ya televisheni haieleweki bila Mzee Shabani.

Mzee Shabani alikuwa fundi redio pale Shinyanga mjini, karibu na stesheni ya reli. Asili yake ilikuwa Ujiji; msafi wa kanzu, mchafu wa mdomo. Nilifika kwake miaka ya sitini, nchi ikiwa bado inanukia Uhuru, nami nikiwa nimevaa viatu vya binamu yangu vilivyonibana hadi machozi yananilenga. Nilikuwa nimejiandaa kueleza darasa nililofikia. Hakuuliza darasa. Alinisukumia redio ya valvu iliyofunguliwa mgongo, akasema, "Nusa."

Nikanusa. "Inanuka kuungua, mzee."

"Kuungua nini? Nyama? Ugali? Ndevu za babu yako?"

Nilishinda siku nzima nikinusa maiti za redio huku yeye akicheka na wateja wake. Kufikia jioni nilikuwa najua kwamba transfoma iliyoungua inanuka lami, kapasita iliyovuja ina shombo ya samaki, na mende aliyekaangwa kwenye umeme ananuka mende tu, wala huhitaji shule. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu navuta pumzi kwanza kabla ya kupiga hodi. Mke wangu ameshanikanya sana.

Alinifundisha mawili mengine. La kwanza, umeme ukiwa ndani ya kifaa, mkono wa kushoto ukae mfukoni. "Umeme ukipata mkono mmoja utakuchapa," alisema, "ukipata miwili utapitia kifuani kuisalimia roho." La pili lilikuwa kumhoji mwenye kifaa kabla ya kukihoji kifaa. Ilikuwa wapi? Ulikuwa unafanya nini? Ulisikia nini? Watu hudanganya kuhusu redio zao kuliko wanavyodanganya kuhusu umri. Wote husema hakuna aliyeigusa, na ukiifungua unakuta alama za kisu cha jikoni. Mzee mmoja kutoka Kagongwa alileta redio ambayo alidai inakufa kila ikifika taarifa ya habari. Nilipomhoji vizuri ikaonekana kwamba mchana huzipasha betri jivuni ili zipate nguvu, na nguvu yenyewe ilikuwa inatosha salamu na wimbo mmoja.

Televisheni zilikuja baadaye, tena zilikuja bila kualikwa. Bara hatukuwa na matangazo. Tulisikia wenzetu wa visiwani wanayo, tukasema inshallah. Lakini bwana mkubwa mmoja wa hapa mjini, aliyekuwa amesoma ng'ambo, alirudi na televisheni yake, akaiweka sebuleni juu ya meza, akaifunika kitambaa cha kufuma na kuitwika maua ya plastiki. Wageni walikuwa wanakaa kwa adabu mbele yake utadhani ni mama mkwe. Siku moja akaniita niitengeneze. Nikaiwasha, ikaonyesha mchele, ule mnyunyizo wa vidoti vinavyovuma. Nikamwambia, "Mheshimiwa, hii ni nzima. Kinachokosekana ni mtambo wa kurusha picha, na huo siwezi kuujenga leo." Alinuna. Akauliza kama naweza angalau kuutuliza huo mchele.

Basi nilijifunzia kwenye hizo chache zisizo na la kuonyesha. Niseme kidogo juu ya sehemu ya umeme, kwa ajili ya mnaoanza. Umeme wa ukutani au wa jenereta hauliwi na televisheni ukiwa mbichi. Transfoma inaupunguza, dayodi zinaulazimisha kwenda upande mmoja, kapasita kubwa inautuliza, ndipo unagawiwa kwa wengine ndani. Hatua moja ikigoma, kioo kinakuwa cheusi na sauti inakatika, hata kama vingine vyote vimo vizima vinangoja. Televisheni iliyokufa kabisa haina taabu, kwa sababu haina la kuficha. Ile inayokufa na kufufuka kwa hiari yake ndiyo iliyonipa mvi hizi, na iliyonipa nyingi zaidi ilikuwa ya Mama Zuhura.

Ilikuwa miaka ya themanini, deki za video zilipoanza kuingia na televisheni zikapata kazi ya kufanya. Mama Zuhura alikuwa mfanyabiashara wa vitenge hapa sokoni, mwanamke mnene wa sauti na mwembamba wa subira. Aliposikia kwamba kuna kijiji upande wa Kharumwa wameona dhahabu, hakukimbilia dhahabu. Alinunua televisheni, deki na jenereta, akaenda kujenga ukumbi wa udongo katikati ya kijiji, madirisha akayaziba kwa magunia ili kuwe na giza hata mchana. Wachimbaji walikuwa wamejaa pale kutoka kila pembe ya nchi, na wakitoka shimoni hawakuwa na pa kwenda ila kwenye pombe. Yeye akawapa filamu za Kihindi na za karate. Jina la kijiji naliweka kapuni, watu wake bado wapo na wana kumbukumbu nzuri.

Mwanzoni alijaza ukumbi mpaka watu wakakaliana mapajani. Kisha televisheni ikaanza kuzima. Akaileta kwangu juu ya lori la pamba. Niliilaza juu ya blanketi langu lililokunjwa, kama nilivyozoea ili benchi lisikwaruze kasha, nikaiwasha. Ikawaka. Ikawaka mpaka jioni, nami nikanywa chai mbele yake. Nikapima volti, zote sawa. Nikamrudishia.

Siku chache baadaye akarudi nayo, mtandio begani, macho yamemtoka.

"Fundi Masanja, umenirudishia maiti ileile."

Nikaiwasha. Ikawaka palepale, tena kwa madaha.

"Mbona nzima, Mama Zuhura?"

"Hapa nzima! Ikifika kwangu inakufa. Ikikuona wewe inafufuka. Nyinyi wawili mna nini?"

Nilibadilisha fyuzi na dayodi, si kwa sababu zilikuwa mbovu, bali kwa sababu mwanamke yule alikuwa amesimama kichwani kwangu na ilibidi mikono ionekane inafanya kitu. Akaondoka. Safari ya tatu hakuja na televisheni. Alikuja na vijana wawili wa sungusungu, walinzi wa kijiji, wenye filimbi shingoni, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo ambalo lilinitisha kuliko kelele zake zote.

"Wamempata aliyeizima," alisema. "Ni mzee Ngassa, manju. Baraza ni keshokutwa. Watamtenga."

Hapa lazima nisimame, kwa ajili ya waliokulia mjini. Usukumani, mavuno yakishaingia ghalani, kunakuwa na mashindano ya ngoma. Vikundi viwili, Bagika na Bagalu, vinacheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi. Watazamaji ndio waamuzi: unakwenda unakovutwa, na upande wenye watu wengi ndio mshindi. Kwa hiyo kila manju, yule mtunzi na kiongozi wa ngoma, huwa na dawa yake ya kuvuta watu na dawa ya kumpooza mwenzake, au huacha watu waamini anazo. Humtukana mpinzani kwa wimbo, humwambia nitakuzima, nitakukausha koo, na mwenzake humjibu kwa matusi bora zaidi. Hakuna anayeudhika. Ndiyo kazi.

Sasa video ya Mama Zuhura ilipowavuta vijana kutoka uwanjani, Ngassa, manju wa Bagalu, alifanya kile ambacho manju yeyote angefanya. Aliuona ukumbi kuwa ni kundi jipya lililoingia mashindanoni. Akaleta ngoma zake, akazipanga zikitazamana na mlango, akatunga wimbo kwamba atauzima moto wa mwanamke wa mjini. Akapiga. Kabla wimbo haujafika mwisho, televisheni ikazima, wachimbaji wakabaki gizani hasa pale yule mwovu wa filamu alipokuwa karibu kuchapwa. Akarudia siku nyingine, ikazima tena. Alipowaimbia Bagika maneno yale, yalikuwa mchezo. Alipoiimbia televisheni, yakawa ushahidi.

Na kutengwa na sungusungu enzi zile si kununiwa. Ni kwamba hakuna mtu atakayekusalimia, hakuna atakayekupa moto wala kukuruhusu kisimani, mgonjwa wako hatabebwa na maiti yako hutasaidiwa kuzika. Watu walihama na kuacha nyumba na makaburi. Mke wa Ngassa alikuwa ameshaanza kurudishwa kutoka kisimani na ndoo tupu, kabla hata ya baraza.

"Mimi nilitaka televisheni iwake," Mama Zuhura aliniambia. "Sikumtaka mtu afukuzwe kwao. Siku niliyofika kijijini, Ngassa ndiye aliyenipa maji ya kunywa. Twende ukaseme ugonjwa ni nini, au ukaseme hadharani hujui."

Kusema hadharani sijui halikuwa jambo nililolipenda. Nikachukua mita, bisibisi, lenzi ya kusomea, waya wa lehemu na kile chuma cha kulehemu cha kupasha mkaani alichoniachia Mzee Shabani aliporudi kwao Ujiji. Tukapanda lori. Barabara ya huko siielezi, bado nina malalamiko nayo mgongoni.

Tulipofika nilikwenda kwanza kwa Ngassa, kwa sababu niliambiwa nihoji kabla ya kufungua. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa, ngoma zake zimefunikwa kitenge utadhani ni watoto wagonjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bhabha. Wewe ndiye fundi? Usikae sana, watasema nimekuroga na wewe."

Nikamuuliza alikuwa akipigia wapi, kwa nguvu gani, na televisheni ilizima wakati gani wa wimbo. Alinijibu vizuri, mtu wa kazi akiongea na mtu wa kazi. Ilizima pale ngoma kubwa ilipoingia, akasema. Kila mara ni pale. Kisha nikamuuliza swali ambalo halikunihusu.

"Mzee, ulitia dawa?"

Alitazama huku na huku. "Fundi, nikisema ninayo, kesho sina kijiji. Nikisema sina, nani atatoka kwake kuja kucheza nami? Manju asiye na dawa ni mtu anayepiga kelele tu. Wewe ungesema lipi?"

Nilimhurumia sana mzee yule, nawaambia kweli. Alikuwa anaombwa achague kupoteza kwao au kupoteza jina lake, na kosa lake lote lilikuwa ni kufanya kazi yake vizuri.

"Mimi dawa sizijui," nikamwambia. "Najua transfoma. Usijibu lolote mpaka niongee na transfoma."

Asubuhi nikaingia ukumbini peke yangu. Mama Zuhura alikuwa ameiweka televisheni juu ya pipa tupu la dizeli, lile kubwa, ili hata wa nyuma kabisa waone. Niliiwasha, nikaweka kikombe cha chai juu ya pipa, pembeni ya televisheni, nikakaa. Picha safi, sauti safi. Nikaanza kutunga maneno ya heshima ya kusema sijui. Ndipo jirani, nyuma ya ukuta, akaanza kutwanga mtama.

Nikaona chai inatetemeka. Kila mchi ukishuka, viduara vinatoka katikati ya kikombe kwenda ukingoni. Nikaweka kiganja juu ya pipa, likawa linanguruma chini ya mkono wangu. Na kioo, kwa mara ya kwanza mbele ya macho yangu, kikafumba na kufumbua. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka Mama Zuhura akachungulia kuona kama na mimi nimeshapagawa. Mwanamke yule aliinunulia televisheni ngoma kubwa kuliko zote kijijini, akaiketisha juu yake!

Nikazima jenereta, nikangoja kapasita imalize kiherehere chake, nikafungua mgongo. Nilipobonyeza transfoma kwa mpini wa bisibisi, ilitikisika. Transfoma ni nzito, na kwenye televisheni ile ilikuwa imesimama juu ya miguu ya waya iliyolehemewa kwenye bodi. Safari za lori zilikuwa zimeutikisa mguu mmoja mpaka lehemu yake ikapata ufa wa mviringo, mwembamba sana, hauonekani ila kwa lenzi. Kifaa kikitulia, mguu unagusa na umeme unapita. Pipa likinguruma, mguu unaachia. Na mimi nilikuwa nikiilaza juu ya blanketi! Hata ningeipima mwaka mzima pale kwangu, isingezima.

Ningeweza kulehemu palepale na kwenda kunywa uji. Niliacha. Kama ningelehemu peke yangu, wangesema Ngassa ameogopa akaiondoa dawa mwenyewe, na baraza lingeendelea. Ilibidi waone ikifa kwanza. Nikarudisha mfuniko, nikafunga skrubu chache, nikamwomba Mama Zuhura awashe jiko la mkaa.

Baraza lilikutana mchana mbele ya ukumbi. Mtemi wa sungusungu, mzee Maduhu, alikuwa mtu mkavu wa maneno, mwenye koti la mvua jua likiwaka. Wazee wake walikaa, vijana wa upinde wakasimama nyuma, wachimbaji wakajaza palipobaki. Tulisalimiana, mwadila, mwadila, kisha akanigeukia.

"Sema, fundi. Kwa kifupi."

Nikasema naomba televisheni iwashwe, wazee na wachimbaji waingie waketi kwenye mabenchi ya ukumbini, magunia yaondolewe madirishani na mlango uachwe wazi, na Ngassa apige ngoma zake palepale alipopigia siku zile. Watu wakaguna. Ngassa alinitazama kama mtu aliyeombwa alale mwenyewe kwenye kaburi alipime urefu. Lakini akaenda, akafunua kitenge, akaanza.

Ngoma ndogo zikapita salama. Ngoma kubwa ikaingia. Kioo, pap, kikawa cheusi.

Kelele zilizolipuka pale sijawahi kuzisikia tena. Filimbi zililia, wachimbaji wakapanda juu ya mabenchi, mishale ikatoka kwenye podo. Mzee Maduhu hakunyanyuka. Aliniuliza kwa upole mmoja mbaya sana:

"Sasa, fundi, umekuja kumtetea au kumzika?"

"Mtemi, naomba uje uone. Wewe mwenyewe, kwa macho yako."

Nikafungua mgongo, mkono wa kushoto mfukoni kwa mazoea ingawa waya wa umeme nilikuwa nimeshauchomoa. Nikampa lenzi. Nikabonyeza transfoma kwa bisibisi. Aliinama muda mrefu, pumzi zake zinapiga bodi.

"Mguu huu unacheza kwenye tundu," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mtemi."

"Kumbe ni mpini wa jembe umelegea."

"Ni hivyo hivyo. Na pipa hili likipata ngoma linalitikisa hilo jembe. Hata mama anayetwanga hapo nyuma aliizima asubuhi. Naye mtamtenga?"

Yule mama alikuwepo, akasema kwa sauti kwamba yeye hajui kuimba, asihusishwe. Watu wachache wakacheka. Nilichukua chuma cha Mzee Shabani kutoka kwenye mkaa wa Mama Zuhura, nikakwangua ule mguu, nikayeyusha lehemu mpya mpaka ikang'aa na kuukumbatia waya pande zote. Nililehemu mguu wa kwanza, kisha mingine yote, kwa sababu fundi anayelehemu mguu mmoja ataitwa tena kwa ajili ya wa pili. Nikarudisha plagi. Picha ikaja.

"Piga, mzee Ngassa," mtemi akasema kutoka kwenye benchi la mbele.

Akapiga. Ngoma kubwa ikaingia. Kioo hakikupepesa.

Hapo ndipo mambo yangeishia, kama Ngassa angekuwa mtu wa kawaida. Alikuwa ameshaokoka. Kilichobaki ni kufunika ngoma zake na kwenda kwa mke wake. Lakini mlangoni nilimwona akiinamisha kichwa ndani, akaitazama televisheni ikiwaka, na uso wake ukabadilika. Kitu kile kilikuwa kimesimama mbele ya ngoma yake na hakijali. Akavua shati. Akaanza upya, na safari hii hakuwa anapigia baraza. Alikuwa anapigia ushindi.

Nilimpungia mkono. "Mzee Ngassa, inatosha! Punguza!" Hakunisikia, au alinisikia. Alipiga kwa mikono yote na mabega yote, akiimba ule ule wimbo wa kuuzima moto wa mwanamke wa mjini, huku maisha yake yakitegemea moto huo usizime. Pipa lilinguruma. Udongo ulidondoka ukutani. Nilipiga magoti nyuma ya televisheni, jicho langu kwenye ile miguu ya transfoma, nikiomba dua za dini zote nilizowahi kuzisikia hapa Shinyanga. Lehemu ilishika.

Nilipoinua kichwa, ukumbi ulikuwa mtupu. Wachimbaji walikuwa wametoka. Wazee walikuwa wametoka. Mtemi Maduhu, na koti lake la mvua, alikuwa nje anatikisa bega moja, kwa heshima, lakini anatikisa. Vijana wa upinde walikuwa wamelaza pinde chini ili mikono ipate nafasi. Mama Zuhura alisimama mlangoni, mtandio umedondoka, akitazama mabenchi matupu, kisha uwanja uliofurika, kisha mimi. Televisheni ilikuwa inaendelea kuonyesha filamu yake vizuri kabisa kwa fundi mmoja aliyepiga magoti.

"Fundi," akaniuliza, "hii tumeshinda au tumeshindwa?"

Sikuwa na hakika. Mtemi alipotoa hukumu baadaye, huku akihema, alisema Ngassa hakuzima kitu kwa dawa, kwamba jembe lilikuwa limelegea, na kisima ni chake kama cha mwingine yeyote. Habari ya nani aliwavuta watu hakuigusa. Haikuhitaji kusemwa. Tangu siku ile Mama Zuhura alimwita Ngassa apige mlangoni kabla ya kila onyesho, na watu walikuja wakiwa wamechangamka. Lile pipa akaliondoa, akaweka meza.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja Ngassa mwenyewe akaja karakana yangu Shinyanga, ameongozana na mkewe, amebeba kingoma kidogo kilichofungwa kwenye kanga. Akakiweka kwenye benchi. Nikamshukuru, nikamwambia kitanifaa: tangu kijijini kwao nilikuwa nimeacha kulaza televisheni kwenye blanketi, na kila niliyoitengeneza niliitikisa kwanza kabla ya kumpa mwenyewe. Sasa nitaipigia ngoma kabisa. Alicheka. Basi hiyo ndiyo kazi yake, vijana. Hakuna televisheni iliyotoka kwangu kabla haijapigiwa ile ngoma, na nikiondoka msiishushe.

Mkewe alipotangulia nje, mzee akasogea karibu. Akashusha sauti.

"Fundi. Siku ile, mara ya pili. Wewe ulikuwa nyuma yake, uliona vizuri. Haikuzima?"

"Haikuzima, mzee."

Alitazama mikono yake. "Hata kidogo?"

Nilikuwa nimeitazama ile televisheni kutoka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Picha ilitulia tuli, hata mstari mmoja haukuyumba, na sijawahi kulehemu vizuri vile kabla wala baada ya hapo.

"Ilitetemeka," nikamwambia. "Kidogo."